Fuko asiye na manyoya na mnyororo mrefu wa sukari: uchambuzi wa kisa kimoja cha asidi ya hayaluroniki

Katika nyika kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya, na kuendelea hadi Somalia, Ethiopia na Jibuti, mtu anayepita mapema asubuhi anaweza kukuta kichuguu kidogo cha udongo laini kinachorusha vumbi kutoka kileleni, mithili ya volkano isiyofika kimo cha goti. Chini ya kichuguu hicho yumo fuko asiye na manyoya, amelipa tundu mgongo, anasukuma nje kwa miguu ya nyuma udongo ambao wenzake wameufikisha hapo kwa kupokezana kutoka ndani kabisa ya handaki. Ni mnyama mdogo wa gramu 30 hadi 40 na urefu wa sentimita 8 hadi 10. Macho yake ni kama nukta, meno yake yametokeza mbele ya midomo ili kinywa kibaki kimefungwa anapochimba, na ngozi yake ya waridi imelegea na kujikunja kama nguo ya kuazima iliyompwaya mvaaji. Ngozi hiyo iliyompwaya ndiyo mlango wa kisa hiki, ingawa zaidi ya miaka 150 ilipita tangu Eduard Rüppell amweleze mnyama huyu katika maandishi ya kisayansi mwaka 1842 kabla ya mtu kuuliza imetengenezwa kwa nini.

Kwa muda mrefu fuko huyu alijulikana zaidi kwa jamii yake. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis, aliyekuwa amekusanya mafuko nchini Kenya na kuwafuga maabara, alionyesha kwamba wanaishi kama nyuki au mchwa: malkia mmoja anazaa, madume wachache wanampanda, na waliobaki wanachimba, wanatafuta viazi vya porini na kulea watoto wasio wao. Wafugaji wa maabara waliendelea kuandika tarehe za kuzaliwa na za kufa, na miaka ilipozidi kwenda jambo jingine likaanza kuonekana. Panya mdogo wa nyumbani, ambaye kwa uzito hawatofautiani sana, huishi miaka 2 au 3 hivi, na wengi wao huzeeka na saratani. Fuko alikuwa anavuka miaka 30, na waliochunguza maiti za mafuko hao walikuwa hawakuti saratani.

Swali la kisa hiki basi ni kwa nini mnyama wa gramu 35 aishi miaka 30 bila kuota uvimbe wa saratani, na jibu lililotolewa mwaka 2013 linataja mnyororo mmoja tu wa sukari, asidi ya hayaluroniki, ambayo sisi sote tunayo mwilini. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba katika molekuli hii muundo ni ule ule kwa fuko, panya na binadamu, na tofauti yote iko kwenye urefu. Vilevile ni kisa ambacho ushahidi wake umepingwa kwa haki, na mapingamizi hayo yanafundisha kama ugunduzi wenyewe.

Ute uliokuwa ukiziba mirija

Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, walikuwa wakiotesha seli za fuko katika vyombo vya maabara. Seli hizo, za tishu unganishi na ziitwazo fibroblasti, huogeshwa katika maji yenye virutubisho, nayo hufyonzwa na kubadilishwa kila baada ya siku kadhaa kwa mrija uliounganishwa na pampu. Maji yaliyotoka kwenye seli za binadamu, za panya na za simbilisi, yule mnyama mdogo wa Amerika ya Kusini, yalipita kama maji mengine. Yaliyotoka kwenye seli za fuko yalikuwa mazito, yanavuta, na mara kwa mara yaliziba mirija na pampu. Mpishi yeyote aliyewahi kukata bamia au kusonga mlenda anaijua hali hiyo: kioevu ambacho kinamiminika lakini hakikatiki, kinachotoka chote kwa pamoja kikivuta uzi.

Wangeweza kusafisha mirija na kuendelea na kazi. Badala yake waliupima ute huo na kukuta ni hayaluronani, jina ambalo mwanasayansi Endre Balazs alilipendekeza mwaka 1986 ili lijumuishe asidi ya hayaluroniki yenyewe pamoja na chumvi zake. Kilichowashangaza ni uzito wa molekuli zake. Hayaluronani iliyotoka katika seli za binadamu ilikuwa na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 0.5 hadi 2, na ya panya haikuwa mbali na hapo, lakini ya fuko ilikuwa kati ya milioni 6 na 12.

Mnyororo na namna unavyoshika maji

Asidi ya hayaluroniki iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, katika ute unaojaza tumbo la jicho la ng'ombe. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la kioo, kwa kuwa ute huo unang'aa, pamoja na asidi ya uroniki iliyokutwa ndani yake. Miaka ya 1950 Meyer na wenzake walikamilisha ramani ya mnyororo, na ramani hiyo ni rahisi kuliko mtu anavyotarajia. Zipo sukari mbili tu, asidi ya glukuroniki na asetili-glukosamini, zinazofuatana moja baada ya nyingine kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna matawi wala sukari ya tatu. Ndugu zake wa kikemia, kama vile heparini na kondroitini, hubandikwa salfa hapa na pale na hujengwa juu ya kiini cha protini, lakini hayaluronani haina salfa na haijengwi juu ya kiini cha protini.

Jozi moja ya sukari hizo ina uzito wa takribani daltoni 400 na urefu wa karibu nanomita 1. Kwa hiyo mnyororo wa daltoni milioni 10 una jozi zipatazo 25,000, na ukinyooshwa unafika maikromita 25, yaani ni mrefu kuliko upana wa seli nyingi za mwili. Molekuli moja inaweza kuizunguka seli ndogo.

Kila jozi ina kundi moja la kaboksili, ambalo katika hali ya kawaida ya mwili hupoteza haidrojeni yake na kubaki na chaji hasi. Mnyororo wenye maelfu ya chaji zinazofanana hauwezi kujikunja na kushikamana. Chaji hizo husukumana, huvuta madini ya sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Matokeo yake ni donge lililolegea lenye nafasi kubwa ndani, sukari kidogo na maji mengi mno. Maelezo ya kwenye chupa za vipodozi, kwamba molekuli hii hubeba maji mara 1,000 ya uzito wake, hupotosha kidogo, kwa sababu maji hayo hayafungwi kwenye sukari kama mzigo begani. Yamezingirwa tu, na yanaendelea kusogea. Madonge yakizidi kuwa mengi hupenyana na kusokotana, na hapo ndipo kioevu kinapopata tabia ya mlenda: kinapochezeshwa polepole kinatiririka, kinapopigwa kwa ghafla kinarudisha nguvu kama mpira. Goti linaitegemea tabia hiyo kila mtu anapotembea na kila anaporuka, na goti linapopata ugonjwa wa kuchakaa kwa gegedu, minyororo ya ute wake hukutwa imepungua na kuwa mifupi.

Kuna jambo moja katika utengenezaji wake ambalo ni lazima lieleweke kabla ya kurudi kwa fuko. Sukari nyingine za jamii hii hutengenezwa ndani ya seli na kufungashwa. Hayaluronani hutengenezwa kwenye utando wa nje wa seli: kimeng'enya kilichozama katika utando hupokea sukari kutoka ndani, huzipachika moja moja, na wakati huohuo huusukuma mnyororo nje, kama mkeka unavyotoka mikononi mwa msusi huku chane zikiendelea kuongezwa. Mnyororo wa maikromita 25 ungekuwa mgumu kufungashwa ndani ya seli. Vimeng'enya hivyo kwa mamalia ni vitatu, HAS1, HAS2 na HAS3, na HAS2 ndicho chenye mzigo mkubwa zaidi. Panya walioondolewa jeni yake hufa wakiwa bado viinitete, takribani siku ya 10, kwa kuwa moyo wao haujengeki.

Kazi ya kujenga ina mwenzake wa kubomoa. Mtu wa kilo 70 ana karibu gramu 15 za hayaluronani, zaidi ya nusu ikiwa kwenye ngozi, na kila siku takribani theluthi moja ya akiba hiyo huvunjwa na kutengenezwa upya. Ikiingia kwenye damu hudumu dakika chache tu kabla ya ini kuiondoa. Vimeng'enya vya kubomoa huitwa hayaluronidasi, na kwa hiyo urefu wa minyororo katika tishu yoyote ni mizani kati ya kasi ya mjenzi na kasi ya mbomoaji.

Na urefu huo seli inausoma. Juu ya seli kipo kipokezi kiitwacho CD44, ambacho hushika hayaluronani. Mnyororo mrefu hushika vipokezi vingi kwa pamoja, na seli huuchukulia kama dalili kwamba tishu iliyo karibu nayo ni nzima: mchochota, yaani mwako wa kinga ya mwili, hutulia na kugawanyika kwa seli hupungua. Vipande vifupi huonekana pale ambapo kitu kimevunjika, kwa jeraha au kwa radikali huru za oksijeni, na vipande hivyo huamsha mchochota, huita seli za kinga na huchochea mishipa mipya ya damu kuota. Ni sukari zile zile na mpangilio ule ule. Ndiyo maana mtu anaponiambia kwamba bidhaa fulani "ina asidi ya hayaluroniki", huwa naona hajanieleza lolote la maana mpaka aseme ni ya urefu gani, imewekwa wapi, na itadumu muda gani. Molekuli ndefu iliyopakwa usoni hubaki juu ya ngozi na kushika unyevu hapo, jambo ambalo lina faida yake, ila haiwi sehemu ya tishu ya ndani.

Jaribio la 2013

Kundi la Rochester lilikuwa na sababu ya kuushuku ute huu. Mwaka 2009 walikuwa wameshaonyesha kwamba seli za fuko huacha kugawanyika mapema kuliko za panya. Seli za kawaida katika chombo hugawanyika hadi zigusane, kisha husimama. Seli za saratani hazisimami. Za fuko zilisimama zikiwa bado na nafasi nyingi kati yao, kana kwamba zilihisi jirani kabla hajafika. Walipoweka hayaluronidasi kwenye chombo na kuuvunja ute, tabia hiyo ilipotea, na seli zikasongamana kama za panya.

Hatua iliyofuata ndiyo kiini cha makala yao katika jarida la Nature mwaka 2013. Waliziwekea seli za fuko jeni mbili zinazotosha kuigeuza seli ya panya kuwa ya saratani, yaani protini ya kirusi cha SV40 na aina iliyoharibika ya jeni ya Ras. Seli za fuko hazikugeuka. Kisha wakapunguza HAS2 ili mnyororo usitengenezwe, au wakaongeza hayaluronidasi ili uvunjwe, na hapo seli hizo hizo, zilipopandikizwa kwa panya, ziliota uvimbe. Kwa uchambuzi wa kisa, jaribio la namna hii lina thamani kubwa kuliko kulinganisha wanyama wawili na kuona kwamba mmoja ana ute zaidi. Wanyama hao wanatofautiana kwa mambo elfu moja, lakini hapa kitu kimoja kimeondolewa kwa njia mbili tofauti na kinga imeondoka mara zote mbili.

Walipochunguza kwa nini mnyororo unakuwa mrefu, walikuta sababu pande zote mbili za mizani. Kimeng'enya HAS2 cha fuko kina amino asidi mbili zilizobadilika katika sehemu ambazo kwa mamalia wengine karibu wote hazibadiliki, na tishu zake zina hayaluronidasi yenye kasi ndogo. Mjenzi ana bidii na mbomoaji ni mvivu.

Maelezo yao ya asili ya jambo hili yananivutia zaidi ya yote, ingawa waliyatoa kama dhana. Walidhani fuko hakupata minyororo mirefu kwa ajili ya saratani. Aliipata kwa ajili ya ngozi, kwa sababu mnyama anayepishana na ndugu zake katika handaki jembamba, huku mizizi na mawe vikimkwaruza pande zote, anahitaji ngozi inayovutika bila kuchanika. Kinga dhidi ya saratani ingekuwa faida iliyokuja baadaye. Mwaka 2023 utafiti mwingine uliowalinganisha mamalia wa aina nyingi ulikuta minyororo mirefu kwa wachimbaji wa ardhini wa koo mbalimbali, hali inayoipa dhana hiyo uzito.

Yanayopingana na jibu hilo

Pingamizi la kwanza lilitoka kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2016 madaktari wa mifugo walichapisha taarifa za mafuko wachache waliokutwa na saratani. Hilo halivunji hoja, kwa sababu saratani adimu bado ni adimu, lakini linafuta neno "kamwe" lililokuwa limeanza kutumika ovyo.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2020, katika jarida lile lile la Nature, kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge lilitangaza kwamba limetengeneza mistari 79 ya seli (koo za seli zinazoendelea kuoteshwa maabara) kutoka kwa mafuko 11, kwa kutumia utumbo, figo, kongosho, mapafu na ngozi, kisha likaziwekea SV40 na Ras. Seli ziligeuka kuwa za saratani, na zilipopandikizwa kwa panya ziliota uvimbe bila kwanza kuondolewa hayaluronani. Kundi la Rochester lilijibu likitetea matokeo yake. Mimi naona idadi ya mistari ya seli na wingi wa viungo vilivyotumika vinaipa kazi ya Cambridge nguvu ambayo haiwezi kupuuzwa, na kwamba haifai tena kusema seli ya fuko peke yake, ikiwa imetengwa katika chombo, haiwezi kugeuka. Lakini wana-Cambridge wenyewe hawakuhitimisha kwamba fuko hana kinga. Walielekeza macho kwenye mazingira ya seli ndani ya mwili mzima, pamoja na mfumo wa kinga, na hayaluronani ni sehemu ya mazingira hayo. Haikai ndani ya seli. Inakaa kati ya seli na jirani yake.

La tatu ndilo linalougusa ute wenyewe. Mwaka 2021 watafiti wengine walipima hayaluronani moja kwa moja kutoka katika tishu na damu ya mafuko, badala ya seli zilizooteshwa, wakiilinganisha na ya simbilisi. Walikuta fuko ana nyingi zaidi na ndefu zaidi karibu kila mahali, ila kilele cha uzito kilikuwa karibu daltoni milioni 2.5, na hawakupata popote minyororo ya milioni 4 na kuendelea. Tofauti kati ya milioni 2.5 na milioni 12 si ndogo. Mnyororo mrefu hukatika upesi, na njia ya kuutoa kwenye tishu inaweza kuubadilisha, kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda imetokana na vipimo. Hata hivyo, mtu anayeandika kwamba mwili wa fuko umejaa minyororo ya milioni 12 anachukua matokeo ya chombo cha maabara na kumvisha mnyama mzima.

Jeni ya fuko ndani ya panya

Mapingamizi yote hayo yalihusu fuko na seli zake. Swali lililobaki ni kama mnyororo mrefu, ukipewa mnyama mwingine asiye na sifa nyingine za fuko, utafanya lolote. Mwaka 2023, miaka 10 baada ya makala ya kwanza, kundi la Rochester lilichapisha jibu: panya waliowekewa jeni ya HAS2 ya fuko.

Panya hao walipata saratani ya kujitokea yenyewe kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na walistahimili zaidi kemikali inayosababisha saratani ya ngozi. Walipozeeka walikuwa na mchochota mdogo katika tishu mbalimbali, na utumbo wao ulihifadhi vizuri zaidi ukuta unaozuia bakteria kuingia mwilini. Umri wa kati wa kufa ulipanda kwa takribani asilimia 4.4, na umri wa juu kabisa kwa takribani asilimia 12.2.

Asilimia 4.4 kwa panya ni wiki chache. Aliyetarajia panya wa miaka 30 atavunjika moyo, na ni haki kusema kwamba umri wa fuko haujengwi na jeni hii moja. Kwangu mimi jaribio hili ndilo lenye nguvu kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu halitegemei tena tabia ya seli katika chombo wala ubishi juu ya mistari ya seli. Panya ni yule yule, chakula ni kile kile, kilichoongezwa ni mjenzi mmoja wa mnyororo, na matokeo yalionekana kwenye saratani, mchochota na umri kwa pamoja. Kwamba mchochota ulipungua ni jambo linalolingana vizuri na kile kilichojulikana tangu mwanzo kuhusu mnyororo mrefu na CD44.

Udogo wa matokeo nao una maelezo yake, na maelezo hayo yanarudi kwenye mizani ya mjenzi na mbomoaji. Panya hawa walipewa mjenzi wa fuko lakini walibaki na mbomoaji wa panya. Hayaluronidasi yao ilifanya kazi kwa kasi ya kawaida, ikakata kile ambacho HAS2 mpya ilikuwa inasuka, na kiasi cha hayaluronani katika tishu nyingi kiliongezeka kwa wastani tu, mbali na kiwango cha fuko mwenyewe. Nusu ya mabadiliko ya fuko ndiyo iliyohamishwa.

Kwa binadamu, kuhamisha jeni si njia iliyo karibu, na kudunga hayaluronani kutoka nje hakufiki mbali, kwa kuwa ute unaodungwa gotini huondolewa katika siku chache na ule unaofika kwenye damu katika dakika. Lakini mbomoaji anaweza kuzuiwa kwa dawa. Seluanov na Gorbunova wameeleza kwamba tayari wamepata molekuli zinazopunguza kasi ya kuvunjwa kwa hayaluronani, na kwamba wanazijaribu katika hatua zinazotangulia majaribio kwa watu. Hapo ndipo kisa kilipofikia: badala ya kutafuta namna ya kuongeza sukari hii mwilini, kazi sasa ni kuiacha ile tunayoitengeneza wenyewe, gramu 5 hivi kila siku, ibaki ndefu kwa muda kidogo zaidi kabla haijakatwa.